Salamu za Krismasi: Mkigawana Sanduku, Msigawanyike

Heri ya Krismasi, akina mama wa Kisumu, Ahero, Maseno na Luanda, na nyinyi wa Nakuru mnaofunga mizigo kuja nyumbani. Desemba ni ileile: kuku anatafutwa, nauli imepanda, soko la Kibuye halipitiki, na vyama vyetu vya kuweka akiba na kukopeshana vinafungua masanduku ya pesa. Salamu hizi zinawaendea hasa mliofika miaka 45 au 50, ambao kitinda mimba amemaliza kidato cha nne na sufuria kubwa imeanza kukaa juu ya kabati.

Umri huu huleta mambo yake kwa mkupuo. Hedhi inayumba, shuka linalowa jasho, usingizi unakatika saa tisa za usiku. Watoto wanaondoka, wazazi wanaanza kuuguzwa. Aliyeitwa Mama Fulani miaka ishirini anajiuliza, je, mimi mwenyewe nataka nini? Swali hilo hujibika vizuri zaidi mbele ya marafiki wanaokujua, na kwetu marafiki hao wengi hupatikana kwenye chama.

Masikitiko ni kwamba vyama vingi hufa Krismasi. Chukua wanawake 12, kila mmoja anatoa shilingi 500 mara mbili kwa mwezi: kwa mwaka ni 144,000 kabla ya riba. Pesa zinagawanywa, kila mtu anashika njia yake, na hakuna aliyetaja siku ya kukutana tena. Januari inakuja na karo. Aliyeishiwa anaona haya kuja mikono mitupu. Akikosa vikao viwili, hata simu hapokei. Hapo chama kimempoteza mtu wakati anapokihitaji zaidi.

Kwa hiyo tenganisheni kuhudhuria na kuchanga. Iandikwe kwenye katiba kwamba asiye na pesa aje, akae, anywe chai, jina lake liandikwe amehudhuria, na mchango wake uandikwe kuwa deni lisilo na faini. Faini ibaki kwa mchelewaji na kwa anayetoa siri za wenzake nje. Hii ya siri msiilegeze hata kidogo, maana mwanamke akisikia mambo ya ndoa yake sokoni, hatasema tena lolote la kweli kikaoni.

Kuhusu mikopo, mwaka ujao funga kukopesha mwisho wa Oktoba, kusanya Novemba, gawa wiki ya kwanza ya Desemba kabla bei hazijapanda. Mwenye deni akatwe kwenye hisa zake mbele ya wote, kutoka kitabuni. Rafiki asitumwe kumdai faraghani, urafiki hautastahimili. Sanduku liwe na kufuli tatu, na funguo zikae kwa wanachama watatu ambao si mlinzi wa sanduku. Mkitaka kusajiliwa, Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka wanachama wasiopungua 10.

Sasa ule mgawo. Kishawishi cha msimu huu ni kununua cherehani kabla ya kujua kushona, na Pasaka inaikuta imefunikwa kitambaa. Anzeni na kujifunza. Kila kundi lina fundi wake. Mwombeni awafundishe Jumamosi nane, kwa muda wa saa mbili kila mara, wanafunzi wasizidi wanne kwa mashine moja. Somo la kwanza halina uzi: mnashona juu ya gazeti lililochorwa mistari, kwa sababu kinachosumbua mwanzoni ni mguu kwenye pedali, na matundu yataonyesha wazi mahali ulipopinda. Wiki ya tatu ndipo mguse kitambaa, foronya kwanza, kwani mishono yake imenyooka. Na anayeshindwa kutunga uzi asiseme amezeeka kwa kazi hii. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho hukakamaa, vitu vya karibu vikafifia. Akapimwe macho, apate miwani ya kusomea. Wengi wameacha ufundi ambao mikono yao ingeuweza, kisa ni miwani tu.

Kutembea pamoja nako kunafaa: dakika 30, siku tano kwa wiki, mapema kabla jua la Kisumu halijawa kali. Njiani ndipo husemwa yale ya jasho la usiku. Lakini damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, hilo si la kuzungumziwa njiani pekee. Msindikizeni mwenzenu hospitali wiki hiyohiyo.

Basi kabla ya mgawo kuhesabiwa, fungueni kitabu na kuandika: Jumamosi ya pili ya Januari, saa nane mchana, kwa nani, na nani analeta maziwa. Kisha ndipo mgawane. Krismasi njema na mwaka mpya wenye heri; tusalimieni wazee nyumbani.