Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya kutoka Chamwino

Ndugu, jamaa na marafiki, Bwana Yesu asifiwe.

Mungu ametufikisha tena. Mvua imeanza, watu wako mashambani wanapanda uwele na mtama. Sokoni Majengo, bei ya mchele na mafuta imepanda mpaka mama wa nyumba anapima vikombe kabla hajakaribisha wageni. Tunashukuru kwa yote.

Hii ni Krismasi yetu ya kwanza bila baba. Wengi wenu aliwafundisha uraia, mnamjua. Kila mwaka tukitoka ibadani, kabla pilau haijapakuliwa, alisimama akatusomea ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania: wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Watoto tulikuwa na njaa, lakini tulisubiri. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba lilipokaa hapa Dodoma kuandika katiba mpya, redio haikuzimwa nyumbani. Katiba Inayopendekezwa, ile iliyotoka kwenye Bunge hilo, aliisoma yote, penseli mkononi. Kura ya maoni ya kuipitisha ikapangwa tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na baba akaendelea kungoja. Baada ya arobaini tulifungua sanduku lake. Kadi yake ya mpiga kura ilikuwa katikati ya kile kitabu. Nilishindwa kuendelea, mama akanifungia sanduku.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma alikopigia mistari kwenye Katiba ya 1977, hii tuliyo nayo. Ibara ya 13 inasema mtu asikilizwe kwa haki. Shemeji yangu mwaka huu alivunjiwa kibanda alfajiri, hakuulizwa neno. Ibara ya 41 inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza uchaguzi wake. Pembeni hapo baba ameandika: "Kwa nini?"

Vijana, isomeni. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba, ingawa mwaka 2020 sheria ilibadilishwa ikataka uonyeshe kwamba jambo limekugusa wewe binafsi. Basi likikugusa usinyamaze. Kwenye mkutano wa kijiji ulizeni mapato na matumizi, na mwenye kuuliza msimwache peke yake. Nanyi viongozi mlioshika Biblia au Kurani mkaapa kuilinda, Mungu alisikia kiapo kile, na shemeji yangu yule wa kibanda naye ni mwananchi wa ibara ya 8.

Nawatakia Krismasi njema na Mwaka Mpya wenye heri, afya na baraka tele. Mama anawasalimu sana. Mkipita Chamwino karibuni, pilau ipo na mlenda upo. Ibara ya 8 mwaka huu nitaisoma mimi.