Barua ya wazi kwa wadogo zangu wa kikoba

Wadogo zangu,

Leo siandiki habari ya hisa wala marejesho. Nina hasira.

Juzi nilikwenda kumjulia hali mwenzetu aliyevunjika nyonga. Aliteleza kwenye kizingiti cha choo, basi. Kando ya mto wa kulalia nikaona vidonge vyake vya mifupa, alendroneti, kameza viwili tu. "Vinanichoma kifua, dada." Anavimezaje? Kwa chai ya maziwa, kisha anajilaza tena! Kidonge kile cha mara moja kwa wiki humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji, halafu unakaa wima nusu saa, hujala wala hujanywa kingine. Ukilala kinaunguza umio. Ukichanganya na maziwa hakiingii mwilini. Lakini bahasha aliyopewa imeandikwa 1x1 kwa wiki, hakuna aliyemweleza zaidi.

Hata hivyo, walioniudhi hasa ni wanawe. Tangu waambiwe mifupa ya mama imekuwa myepesi, hagusi hata sufuria ya wali. "Mama, kaa." Amekaa miaka miwili, mpaka kuinuka kwenye kochi anavutwa mikono. Ndiyo mapenzi hayo? Dawa hupunguza kulika kwa mfupa; haikupi mapaja ya kukushika unapoteleza. Na mfupa nao hukaza ukielemewa. Mwaka 2018 Waaustralia walichapisha utafiti wa wanawake waliokoma hedhi na mifupa yao imepungua. Walinyanyua vyuma vizito mara mbili kwa wiki, nusu saa, kwa miezi 8, wakisimamiwa. Mifupa ya kiuno ikaongezeka. Wenzao wa mazoezi mepesi ya nyumbani ikapungua.

Msikimbilie vyuma kesho, jamani. Daktari kwanza, kisha mtu wa fiziotherapia awaonyeshe, hasa wewe uliyekwisha kuvunjika. Mimi nilianza kwa kuinuka kitini mikono ikiwa kifuani, mara 5, magoti yakilia kama mlango wa ghala. Sasa nainuka nimekumbatia dumu la maji la lita 5, na mjukuu wangu ananicheka. Acheke.

Mengine: anayechoma denosumabu, ile sindano ya mifupa, kila miezi 6 asiache kienyeji, mifupa hushuka kwa kasi. Ukienda kung'oa jino, taja dawa zako. Kandambili zilizolika soli, tupeni.

Jumamosi kikaoni, atakayekuja na mtoto wa kumbebea mkoba, nitampokonya mtoto mkoba nimrudishie mwenyewe.

Dada yenu, mweka hazina
Ngamiani, Tanga