Upepo wa ubavuni: barua kwa mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaikum. Huku Chaani, Mombasa, hatujambo, ila mamako tangu usiku ule uliopiga simu ukilia hali chakula kikashuka. Mimi sikukujibu la maana. Maneno yangu huja nikishalala.

Wasema mwalimu amekukataza tena kurusha ndege peke yako hapo uwanja wa Wilson, Nairobi, eti upepo ulikuwa wa ubavuni. Mimi mtu wa mashua. Kwetu upepo wa ubavuni ni riziki: jamaa wawili wakae upande wa joshini, chombo kikate maji. Kwenu nasikia waweza kukutoa njiani gurudumu halijagusa chini. Ndege huutaka upepo usoni, ndiyo maana hata hapa kwetu njia yao kuu ya kurukia na kutua imelala 03 na 21: kaskazi ikivuma hushikwa huku, kusi ikiingia hushikwa kule. Nimeziangalia miaka yote kabla wewe hujanieleza hizo namba ni digrii za dira zilizokatwa sifuri ya mwisho.

Najua kinachokuliza si upepo. Wazihesabu zile saa 200 za kuruka za leseni ya rubani wa biashara kwa shilingi, na kila siku unayokaa chini, kodi ya chumba inakwenda. Mwaka wa deni la mashine ya mashua nami niliiona kusi imechafuka, nikatoka vilevile, kwa kuwa nilihesabu deni, sikuhesabu mawimbi. Nyavu mbili za jarife zikapotea. Sisi tulirudi kwa rehema za Mungu tu, na deni nikalikuta pale pale. Kwa hiyo ada niachie mimi.

Shangazi yako bado anasema mvaa miwani hawi rubani. Nimemwambia cheti cha daktari cha daraja la kwanza unacho, na miwani yako imeandikwa humo. Hakuniamini, akaendelea kukuna nazi.

Jambo jingine. Huko mko juu, futi zaidi ya 5,500, hewa nyepesi, ndege hukimbia sana ndipo inyanyuke. Siku utakayotua hapa kwetu, futi 200 hivi, niambie tofauti yake. Nataka kujua.

Lile daftari la saa zako za kuruka usiandike dakika usiyoiruka, hata mwenzio akikuonyesha njia.

Visheti viko kwenye basi la usiku, kavichukue mapema. Na ukiruka peke yako, usinipigie simu hadi umeshaifunga ndege kamba.

Babako