Kwa nini 7 imeitwa herufi kubwa

Swahiba wangu,

Habari za huko? Sisi hatujambo. Programu ya lugha ya C uliyonitumia nimeisoma, na nimefurahi umeanza na zoezi hili: mtu abonyeze kitufe, kompyuta iseme ni herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu au alama nyingine. Unalalamika kwamba chochote unachobonyeza, hata 7, unajibiwa "herufi kubwa". Kompyuta yako ni nzima. Kasoro iko hapa, ambapo c ni kile ulichobonyeza:

if ('A' <= c <= 'Z')

Ndivyo tunavyoandika kwenye hisabati, na Python, lugha nyingine ya programu, huukubali mtindo huo. Lugha ya C huanza kushoto: je, 'A' haizidi c? Ikiwa kweli inapata 1, ikiwa si kweli inapata 0. Halafu hiyo 1 au 0 ndiyo inayopimwa na 'Z', ambayo ndani ya mashine ni namba 90. Zote mbili ni ndogo kuliko 90, kwa hiyo sharti linatimia daima, na masharti yanayofuata hayafikiwi kabisa. Andika masharti mawili, yaliyounganishwa kwa alama ya "na", hivi:

if (c >= 'A' && c <= 'Z')

Usiweke 65 na 90 badala ya 'A' na 'Z', hata ukiona wengine wanafanya hivyo. Atakayesoma kazi yako baadaye hana haja ya kukariri jedwali la ASCII, linaloipa kila herufi na alama namba yake. Lakini jedwali lenyewe litazame angalau mara moja, kwa sababu limepangwa kwa akili nyingi. A ni 65 na a ni 97. B ni 66 na b ni 98. Tofauti ni 32 kwa kila herufi, yaani biti moja tu (0 au 1 moja ndani ya mashine) inabadilika. Mimi napenda sana mpangilio huo.

Ipo pia isupper, inayopima kama ni herufi kubwa, na wenzake ndani ya ctype.h, faili linalokuja na C. Kwenye kazi halisi tumia hizo, maana kuna mashine kubwa za IBM zinazotumia EBCDIC, jedwali tofauti na ASCII, ambamo herufi hazifuatani moja kwa moja: kuna pengo kati ya I na J, na jingine kati ya R na S. Tarakimu hazina shida hiyo, C inahakikisha 0 hadi 9 zinafuatana.

Ukishasahihisha, jaribu mipakani, si katikati. Bonyeza @ na [, zinazopakana na herufi kubwa, / na :, zinazopakana na tarakimu. Kisha andika ng'ombe herufi kwa herufi. Ile ' itaitwa alama, ingawa kwetu ni sehemu ya sauti ya ng'. Na ukiinakili kutoka kwenye simu inayoweka ’ iliyopinda, programu itasema "alama nyingine" mara tatu, kwa kuwa katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi maandishi, hiyo moja inachukua baiti tatu, na programu yako husoma baiti moja moja.

Nitumie toleo jipya ukimaliza, pamoja na majibu uliyopata kwa kila moja ya hizo nilizotaja. Nisalimie wote nyumbani.

Wako akupendaye