Risala ya Kikundi cha Ulinzi Shirikishi kwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya ya Tanga na Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya, Mheshimiwa Diwani, Afande Mkaguzi wa Polisi wa Kata, Ndugu Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, masheikh na wachungaji, wazee wetu, kina mama na vijana wenzetu wa doria: Assalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kuja, na kwa kuja mapema. Tumezoea shughuli ya saa nne mgeni afike saa nane. Wewe umetukuta bado tunafunga turubai. Utuwie radhi kwa viti.

Sisi ni kikundi cha ulinzi shirikishi cha mtaa huu wa pwani. Tunazunguka kwa zamu kuanzia saa tano usiku hadi adhana ya alfajiri, tukiwa na filimbi, virungu na tochi, nyingine za simu zetu wenyewe. Jambo hili si geni nchini. Wasukuma na Wanyamwezi walianzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipochoshwa na wezi wa ng'ombe, na IGP Said Mwema, aliyeshika Jeshi la Polisi mwaka 2006, akaipa nguvu polisi jamii nchi nzima. Wenzetu ng'ombe, sisi baiskeli. Ukimwibia mtu wa Tanga baiskeli umemkata miguu, na wezi wetu wanalijua hilo.

Kwa wizi wa aina hiyo hatuna malalamiko makubwa. Filimbi ikilia, watu wanatoka. Hatukuandika risala hii kwa ajili ya baiskeli.

Mheshimiwa, barabara ya kwenda Horohoro, mpakani na Kenya, ina kizuizi na watu wa forodha. Bahari haina. Chombo kinazima injini mbali, kinaingizwa kwa pondo kati ya mikoko, mzigo unashushwa na watu wasiozungumza. Huenda ni sukari, na hapo serikali imekosa ushuru. Huenda ni mirungi. Huenda ni kitu kibaya zaidi, na sisi wa Tanga hatuhitaji kuhadithiwa ubaya. Februari 2015 askari wetu walipambana na wahalifu wenye silaha katika Mapango ya Amboni. Mei 2016, Kibatini, watu 8 walichinjwa usiku mmoja.

Wahalifu wa namna ile hawali majani. Wananunua unga, wanachaji simu, wanapanda bodaboda. Yupo anayewaona. Tunachojiuliza sisi ni hiki: huyo anayewaona akamwambie nani, na usiku huo alale wapi?

Tuna mama mmoja hapa mtaani. Tuseme anauza maandazi. Siyo kazi yake, lakini kazi yake hatuitaji hadharani, na mtaona kwa nini. Siku moja alfajiri aliona mizigo ikiingizwa kwenye nyumba isiyo na watu. Akaenda kituo kimoja, ambacho pia hatukitaji, akaeleza kila kitu pale kaunta mbele ya watu waliokuwa wakisubiri zamu zao. Jina lake likaandikwa, likarudiwa kwa sauti ili liandikwe sawasawa. Siku ya tatu kijana mmoja alisimama mlangoni kwake, kwa adabu zote, akasema: "Shikamoo mama. Nimesikia ulinisalimia kituoni, nami nimekuja kukusalimia."

Hakumgusa. Hakuwa na haja.

Tangu siku hiyo, tukimuuliza mama yule lolote anajibu, "Wanangu, macho yangu siku hizi hayaoni mbali." Na huyo ni mama ambaye ukimpunguzia shilingi hamsini anaiona kabla hujafunga kiganja.

Kwa hiyo ombi letu la kwanza, Mheshimiwa, silo gari wala bunduki. Tunaomba mwenye taarifa apokelewe chumbani na siyo kaunta, na jina lake lijulikane kwa askari mmoja tu. Afande Mkaguzi wetu wa Kata ameshaanza. Namba yake ameibandika dukani na msikitini, na ukimpigia anapokea mwenyewe. Tangu aje, simu zimeongezeka. Lakini yeye ni mmoja, na siku akihamishwa tutaanza upya na mtu tusiyemjua. Tunaomba utaratibu huu uwe wa kituo, usiwe wa hisani ya mtu.

La pili ni mrejesho. Mtuhumiwa anakamatwa Jumatatu, Jumatano tunamkuta kijiweni anakunywa kahawa. Inawezekana amepata dhamana, na dhamana ni haki yake kisheria. Lakini hakuna aliyetuambia, na mtaa usipoambiwa unajitungia jibu: "Ametoa chochote." Hata askari aliyefanya kazi yake kwa uaminifu anachafuka. Afande asimame kwenye mkutano wa mtaa aseme kesi ipi imefika wapi. Dakika kumi zinatosha.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe, na tunalisema kwa aibu. Mwaka jana tulimfunga kamba kijana mmoja kwa baiskeli tuliyodhani ya wizi. Ilikuwa ya mjomba wake. Alishapigwa makofi kabla mjomba hajafika. Sheria inaruhusu raia kumkamata mhalifu, lakini inamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa, kupiga hakumo. Wengi wetu hatukulijua hilo. Tunaomba mafunzo, hata ya siku mbili, kuhusu ukamataji na namna ya kutunza ushahidi. Kijana yule tumemwomba radhi, na sasa anazunguka nasi zamu ya Ijumaa.

Vifaa ni tochi, makoti ya mvua na reflekta. Orodha anayo Katibu.

Mheshimiwa, mama yule tuliyemsimulia yupo chini ya turubai hili. Hatutamwonyesha. Ametuambia atasikiliza utakachojibu, kisha ataamua kama macho yake yamepona.

Tunaomba kuwasilisha.