Yah: Kumuuzia Abiria Maji na Kumzuia Kula Chakula Chake Mwenyewe

Ngamiani,
Tanga.

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Ofisi ya Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Hii ni barua ya pili. Ya kwanza niliituma kwa barua pepe, nikajibiwa na kompyuta yenu: ahsante kwa maoni yako, na kama kifuta jasho pokea vocha ya kupunguziwa asilimia 15 ya bei ya vitafunio utakaposafiri nasi tena. Mtu analalamika kwamba ameuziwa sandwichi ambayo hakupaswa kuuziwa, nanyi mnampa punguzo ili akanunue nyingine. Ndiyo maana safari hii nimeandika kwenye karatasi, na nakala nimezipeleka pengine pia, labda itasomwa na mtu.

Nilikuwa namsindikiza mama yangu mzazi kwenda London, kwa mdogo wangu aliyejifungua. Mama ni mtu mzima, miaka sabini na ushee, ana kisukari na anachoma insulini. Tiketi tulizikata kwa wakala wenu hapo Dar es Salaam, kwenda na kurudi, na kila kipande cha safari kimeandikwa kwenye tiketi kwamba chakula kipo. Nimeambatisha nakala na maneno hayo nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Kutoka Dar hadi uwanja wenu wa kubadilishia ndege tulikula vizuri. Wali, kuku, tunda, chai. Hapo sina neno.

Kipande cha pili, saa saba na kitu angani, tulipandishwa ndege ya kampuni tanzu yenu. Wakala hakututajia kampuni tanzu yoyote, na hata mlangoni pa ndege hakuna aliyetwambia kwamba kuanzia pale utaratibu ni mwingine. Tulijua baada ya taa za mikanda kuzimwa, kitoroli kilipopita na kikaratasi cha bei. Sandwichi baridi dola 11. Kikombe cha tambi za kumwagia maji moto dola 8. Maji ya kunywa, chupa ya nusu lita, dola 4. Kwa hela hiyo hapa stendi ya Tanga mtu anabeba katoni.

Mama hakushtuka. Yeye ni mtu wa safari za zamani, hatoki nyumbani mikono mitupu. Alivuta mkoba wake, akatoa mkate wa ajemi, mayai ya kuchemsha na korosho kidogo, akatandaza leso mapajani. Mhudumu alipokaribia, Mama akamkaribisha kwa Kiswahili na kwa mkono, kama ambavyo angemkaribisha yeyote aliyemkuta anakula. Kijana wa watu akatabasamu, kisha akaniambia nimfafanulie kwamba chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi kuliwa ndani ya ndege. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni kwa usalama wa abiria wenye mzio, hasa wa karanga na jamii yake.

Kwenye kitoroli alichokuwa amekishika, rafu ya juu, zilipangwa pakiti za karanga za chumvi. Dola 5.

Nilimweleza hali ya Mama: ana kisukari, ameshachoma sindano yake, sasa lazima ale. Akaenda kuuliza wakubwa wake, akarudi na jibu kwamba naweza kununua. Basi, ninunue. Nikatoa noti ya dola 20, akasema hawapokei fedha taslimu, ni kadi tu. Nikatoa kadi yangu ya benki, mashine ikaikataa mara zote alizojaribu, na hela nilikuwa nazo. Baadaye benki wakanieleza kinachotokea: mashine nyingi za kwenye ndege hazina mawasiliano na benki wakati huo, hutunza malipo na kuyatuma ndege ikishatua. Kadi inayotaka idhini ya benki papo hapo, kama zilivyo nyingi tunazopewa sisi wenye akaunti za kawaida, hukataliwa. Nina hakika mnalijua hilo, mashine ni zenu. Kwa hiyo duka mmelifungua mkijua kwamba sehemu ya abiria wenu hawataweza kununua hata wakitaka.

Aliyetuokoa ni kijana mmoja wa Mombasa aliyekaa upande wa pili wa njia. Alitoa kadi yake akalipa, na noti yangu akaikataa katakata. Kufikia hapo zilikuwa zimebaki sandwichi za aina mbili, moja ya nyama ya nguruwe, ambayo Mama hali, nyingine ya jibini. Akala ya jibini. Risiti ninayo, ina jina la kadi ya mtu mwingine, na hilo naliona ni aibu yenu zaidi kuliko yangu.

Sasa nije kwenye hoja, maana najua mtakavyojibu. Mtasema kuuza chakula ndani ya ndege si jambo geni. Ni kweli. Mwaka 1919 kampuni ya Handley Page Transport ilikuwa ikiuza vikasha vya chakula cha mchana kwa abiria wa kati ya London na Paris, shilingi tatu za Kiingereza kwa kikasha. Lakini huo ni mwendo wa saa chache. Mtasema pia kwamba wapo wanaouza hata katika safari ndefu, na hilo nalo ni kweli: AirAsia X ya Malaysia ilianza safari zake mwaka 2007 kwa mtindo huo wa nauli ya kiti, chakula juu yako. Sina ugomvi nao. Anayekata tiketi ya namna hiyo anajua tangu siku ya kulipa kwamba amenunua kiti, na anaweza kuagiza na kulipia mlo wake kabla ya safari. Nauli nayo inapungua kwa sababu hiyo. Nyie mmetoza nauli ya mwenye kulishwa, mkaandika kwenye tiketi kwamba atalishwa, kisha mkamtembezea kikaratasi cha bei. Hapo mmeuza kitu kimoja mara mbili.

Na hata mngekuwa mmesema mapema, bado suala la maji lingebaki. Tangu mwaka 2006, baada ya kugunduliwa njama ya kulipua ndege kwa vimiminika kutokea Uingereza, abiria katika viwanja vingi hapitishi ukaguzini chombo chenye zaidi ya mililita 100. Sheria hiyo si yenu, wala siwalaumu kwayo. Ila mnajua kwamba mtu anafika kitini kwenu akiwa ameshanyang'anywa chupa yake. Mnajua pia, kuliko mimi, kwamba hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake kwa kawaida hauvuki asilimia 20, na kwamba mgandamizo wake ni mdogo, kama wa hewa anayoivuta mtu aliyeketi mlimani, hadi mita 2,400 hivi, juu kuliko Lushoto kwa mbali. Sisi wa pwani koo zetu hazijazoea hali hiyo. Mzee wa kisukari ndiyo kabisa. Maji mahali kama hapo si kitafunio cha kuwekwa bei baina ya chokoleti na vibanzi vya viazi.

Basi la kutoka hapa kwenda Dar, ambalo nauli yake kwenye tiketi yenu haionekani hata kwa darubini, konda hupita akigawa maji. Likisimama Muheza machungwa yanaingia kwa dirishani, ukitaka unanunua, ukiona ghali unamwambia muuzaji apunguze au unafunga dirisha. Kilichomo kwenye kikapu chako ni chako, hakuna konda atakayekuuliza. Ndani ya ndege yenu muuzaji ni mmoja, bei ni moja, mlango haufunguki, na chakula nilichobeba naambiwa nikirudishe mkobani. Hilo ndilo lililonifanya niandike mara mbili. Bei kubwa ningeinung'unikia kwa jirani zangu basi, ingeisha hapo. Lakini kumzuia mtu kula cha kwake ili anunue cha kwenu, huku mkisingizia mzio wa karanga na karanga mnauza, sioni namna ya kulitetea jambo hilo mbele ya mtu mwenye akili timamu.

Kuna jingine ambalo pengine halimo katika vitabu vyenu vya huduma. Ndege nzima ilikuwa nusu inakula na nusu inatazama. Waliokuwa wanakula waliinamisha vichwa. Waliokosa waligeukia dirishani au walijifunika shuka, ingawa ilikuwa bado mapema. Mama mmoja mbele yetu alikuwa na watoto, tambi alizonunua ni kikombe kimoja, na harufu ya zile tambi ilifika hadi nyuma. Kwetu mtu hali mbele za watu bila kuwakaribisha, na pale kukaribishana kulikuwa hakuwezekani, maana kila tonge lina bei yake. Sijui kama mliwahi kukaa kwenye viti hivyo vya nyuma mkaona.

Sitaki niwaonee wahudumu. Yule kijana aliona haya, niliona usoni, na baadaye alimletea Mama kikombe cha maji bila kuandika popote. Naomba asiulizwe. Nimeficha kwa makusudi tarehe na namba ya ndege katika nakala nilizosambaza, ninyi mnazo kwenye tiketi.

Ninachodai ni hiki. Mrudishe tofauti ya nauli kwa kipande cha pili, kwa tiketi zote mbili, kwa kuwa tulilipia chakula ambacho hakikutolewa. Mrudishe gharama ya sandwichi kwa mwenye kadi ile, si kwangu. Mwandike kwenye tiketi, wakati wa kuuza, kipande kipi kina chakula na kipi hakina, kwa Kiswahili pia kama mnauzia Dar es Salaam. Maji yawe bure. Na kila mtu aruhusiwe kula alichobeba, au kama kweli ni suala la mzio, basi karanga zishuke kwenye kitoroli kwanza.

Sheria yetu ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na maneno "chakula kipo" juu ya karatasi mliyoniuzia nadhani yanatosha kuanzisha mazungumzo. Ndiyo sababu ya nakala hapo chini. Ile vocha ya asilimia 15 nairudisha, imo ndani ya bahasha.

Jibu nalihitaji mapema, kwa sababu moja. Mama bado yuko London, anasubiri mjukuu afikishe arobaini, na tiketi yake ya kurudi ni yenu, ndege ileile, njia ileile, safari hii akiwa peke yake. Ameshanipigia simu kuuliza: abebe mayai yake au asibebe? Nimemwambia abebe. Naomba mnipe barua yenye mhuri, kwa Kiingereza, aionyeshe atakapoambiwa ayarudishe mkobani.

Wenu,

Abiria na mteja wenu,
Ngamiani, Tanga.

Viambatisho: nakala za tiketi, risiti ya sandwichi, barua ya daktari wa Mama, vocha.

Nakala: Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA); Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga (TCAA-CCC); Tume ya Ushindani (FCC).