Anayeleta pesa naye aadhibiwe

Mhariri,

Katika ofisi nyingi za mauzo hapa Nairobi, anayeleta wateja wakubwa haguswi. Nilikofanya kazi, Westlands, muuzaji mmoja alimshika kiuno dada wa mapokezi mbele yetu sote. Alipolalamika, meneja alimwambia avumilie, eti huyo ndiye anayetulipa mishahara. Baadaye aliyehamishwa ni yule dada! Inaniuma hadi leo.

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono. Hakimsamehi mtu kwa sababu ya mauzo yake. Maafisa wa leba wazikague sera hizo, na wawahoji wahudumu wa mapokezi, si wakurugenzi pekee.

Mfanyakazi,
Nairobi